Nani Ananunua Simu?

Simu inayokwapuliwa Clock Tower ya Kampala saa mbili usiku, ikifika saa tatu na nusu imeshapita mikono miwili. Kijana aliyeivuta kupitia dirisha la taksi iliyokwama kwenye foleni anaondoka na hela ndogo, ya kula, kulala na kuvuta. Aliyemsubiri nyuma ya maduka anaongeza chake. Anayekula vizuri ni yule atakayeifungua, kuifuta na kuiuza tena, na huyo hakimbizwi na mtu wala hapigwi mawe. Amekaa kwenye kiti, ana kaunta, na leseni ya biashara ameibandika ukutani.

Mimi ni fundi simu hapa Kisenyi, Kampala. Kwetu ni Bombo, Mnubi wa kuzaliwa, lakini meza yangu iko karibu na stendi ya mabasi, mahali ambapo Msomali, Mkongo, Mkenya na Mkaramoja wanaelewana kwa Kiswahili hata kama kila mmoja anacho cha kwao. Kila panapotokea wimbi la watu kuporwa na kupigwa, redio zinafungua simu za wasikilizaji na mtangazaji anauliza swali lile lile: vijana wetu wamekuwaje? Mmoja anasema bangi. Mwingine anasema filamu. Mwingine wazazi wa siku hizi. Wa mwisho, kabla ya matangazo ya biashara, anasema wote wakamatwe wapelekwe jeshini. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza mali inakwenda wapi.

Simu ya wizi haina alama, ila anayeileta anazo. Mwenye simu yake akifika mezani kwangu huanza na hadithi: imeanguka kwenye beseni, mtoto kaikalia, jana ilikuwa inachaji vizuri. Kisha anataka kujua itachukua muda gani, maana hawezi kukaa bila simu. Mwenye ya wizi hana hadithi. Laini ameshaitoa. Neno la siri halijui, eti ni ya dada yake. Swali lake la kwanza ni, "Mkubwa, unanipa ngapi?"

Mmoja alikuja msimu wa mvua uliopita akiwa na ndala mbili zisizofanana. Ndani ya mkono wa sweta alikuwa na kitambaa kilicholowa petroli, na kila baada ya maneno machache alikipeleka puani kana kwamba anafuta kamasi. Sauti yake ilikuwa haijakomaa. Simu aliyoishika, ukiiwasha, inaonyesha picha ya watoto wawili wa nasari wamevaa majoho na kofia za mahafali. Nikamwambia hapa hatununui. Hakubishana, akasogea meza ya tatu kutoka kwangu, na pale hakukaa hata dakika tano.

Nani basi ananunua? Watu wa heshima. Mwanafunzi wa chuo, karani, mwalimu, mama anayemtafutia binti zawadi ya kumaliza mtihani. Wanakuja mtaani kwetu na kusema, "Fundi, nitafutie ya bei nzuri." Kila mtu hapa anajua "ya bei nzuri" maana yake nini, na mnunuzi naye anajua, ndiyo maana haulizi boksi wala risiti. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai Uganda kama ulivyo wizi wenyewe, lakini sijaona umati ukimkimbiza mnunuzi.

Kuna jambo limebadilika kwenye soko hili miaka ya karibuni, na naona wanaozungumzia usalama wamelipita. Zamani simu yoyote ilikuwa na bei, kwa sababu uliifuta na kuiuza nzima. Siku hizi simu nyingi za maana zimefungwa kwa akaunti ya mwenyewe. Ukiiiba ikiwa imefungwa, inauzwa vipande: kioo, betri, kamera, kifuniko. Lakini ukiipata iko wazi, na namba ya siri ya mobile money unayo, hapo umepata simu na akiba ya mtu. Kwa hiyo yule wa kukwapua na kukimbia pato lake linapungua kila mwaka, na anayekubana kwenye uchochoro na kukupiga mpaka uitaje namba ya siri anapata zaidi. Teknolojia iliyowekwa kutulinda imehamisha wizi kutoka kwenye mkono mwepesi kwenda kwenye mtaimbo. Kampala tumewahi kuwa na watu wa mitaimbo tangu zamani, wanaokuvizia gizani na chuma, lakini walikuwa watu wazima waliokomaa katika kazi hiyo. Ninaowaona sasa ni watoto. Sisemi hiyo ndiyo sababu yote. Nasema bei ya sokoni inafika mpaka kwenye kichwa cha mpita njia, na bei hiyo haipangwi na mtoto.

Siyo simu peke yake. Ngumi za kijana zina wanunuzi wengi katika nchi hii. Tunaikumbuka Kiboko Squad, wanaume wenye fimbo waliotokea Kampala kuwachapa waandamanaji kisha wakayeyuka. Kabla ya uchaguzi wa 2016 waliandikishwa vijana kwa wingi nchi nzima kwa jina la wazuia uhalifu, wakafundishwa kwata, wakaahidiwa kwamba watakumbukwa, na uchaguzi ulipopita wakarudi vijiweni na kwata yao. Chama cha Boda Boda 2010 kilijulikana jijini kwa kuwapiga waendesha pikipiki waliokataa kujiunga, na mambo hayo yaliendelea hadharani kwa miaka mpaka mkubwa wake alipokamatwa na jeshi Januari 2018. Ikifika kamyufu, mchujo wa ndani ya chama, wagombea wa mtaa mmoja wanakodi vijana wa mtaa huo huo wapigane wenyewe kwa wenyewe. Panapokuwa na kiwanja chenye ugomvi, dalali anajua pa kupata vijana kumi wa kubomoa nyumba alfajiri kabla wakili hajaamka. Wanalipwa chakula, kinywaji na kitu kidogo.

Mtu akikodiwa kupiga mwaka mmoja, na mwaka unaofuata asikodiwe, unadhani amesahau kazi? Ujuzi anao. Anachokosa ni tajiri wa kumlipa, kwa hiyo anajilipa mwenyewe kutoka kwenye mfuko wako. Novemba 2020, baada ya mgombea urais Bobi Wine kukamatwa Luuka, mitaa iliwaka moto kwa siku mbili na watu wasiopungua 54 wakafa, wengi kwa risasi. Baadhi yao walikuwa wapita njia na wachuuzi. Niliwaona vijana wa huku wakiwasha matairi ambao hawakuwa na chama chochote, na niliwaona wengine wakivunja maduka huku wakipiga kelele za siasa. Kutenganisha hasira ya kweli na kazi ya kukodiwa siku kama hiyo hakuwezekani kwa aliye chini, na waliofyatua risasi hawakujaribu.

Nirudi kwa watoto. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. Hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu kuliko sisi. Wanafunzi karibu milioni 15 waliguswa. Redioni kulikuwa na masomo ya hewani, na magazeti yalichapisha kurasa za mazoezi, lakini hapa Kisenyi mtoto wa miaka 13 alifanya kilichokuwa mbele yake: alibeba magunia kwenye vinu vya unga, alikusanya chupa, alisukuma mikokoteni. Akaonja hela yake mwenyewe. Milango ilipofunguliwa alikuwa na miaka 15, anatakiwa kukaa na wadogo wa darasa la sita, na shule ya serikali ambayo kwa karatasi haina ada tangu 1997 inadai sare, chakula cha mchana, mtihani na mchango wa jengo. Wengi hawakurudi. Leo huyo ana umri wa kupiga kura.

Ukiniuliza chanzo kimoja tu, nitataja miaka hiyo miwili kabla ya bangi. Bangi, waragi (pombe kali ya kwetu) na petroli ni dawa za baridi na njaa, zinakuja baadaye. Pakiti ndogo za waragi zilipigwa marufuku 2019, na ilikuwa hatua nzuri, ila muuzaji wa kichochoroni alihamia kupima kwa kikombe ndani ya wiki.

Kaskazini wana historia yao. Dada yangu wa baba mmoja ameolewa Gulu, na akija Bombo kwenye Idi hatumalizi chai kabla hajawataja Aguu, makundi ya vijana wanaopora na kuumiza watu mjini. Wakubwa wa makundi hayo walikuwa watoto wakati wa vita vya waasi wa LRA. Katikati ya miaka ya 2000 watu karibu milioni 1.8 walikuwa wamerundikwa kambini, na jioni makumi ya maelfu ya watoto walitembea kwa miguu kuingia mijini kulala kwenye varanda na viwanja vya hospitali wasije wakatekwa. Vita vilipohama nchi na kambi kufungwa, watu waliambiwa rudini vijijini. Mwenye baba alirudi kwenye ardhi ya babake. Aliyezaliwa msituni, au ambaye ukoo haukumtambua, alirudi wapi? Alibaki mjini, na mdogo wake akazaliwa mjini, na sasa watu wanawaita takataka. Dada yangu ni mtu mpole, lakini wameshamwibia mara nyingi, na alipoona mmoja wao amelala barabarani amekwisha kufa, alipita. Aliniambia hivyo bila aibu, nami sikumlaumu.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu jibu la jamii tunalijua na tunalitekeleza kila wiki. Sauti inaita "Mubbi! Mubbi!", mwizi, na kabla hujageuka kuna watu thelathini. Ripoti za mwaka za polisi huhesabu waliouawa na umati kwa mamia. Tazama vizuri ni nani anayepiga. Siyo mzee wa msikiti. Siyo mama wa nyanya, ingawa yeye anaweza kushangilia. Wanaopiga ni vijana wa umri ule ule wa mwizi, wengi wamesoma darasa moja naye, na pengine wiki iliyopita walikula naye kikomando, chapati zilizokatwakatwa ndani ya maharage, kwenye sahani moja. Leo yeye yuko chini na wao wako juu. Mtaa unawatazama wakiponda kichwa cha mtu, kisha jioni tunawasalimia na kuwaita mashujaa. Halafu tunashangaa kijana wa miaka 17 amejifunzia wapi kwamba mtu anaweza kupigwa chuma na maisha yakaendelea.

Kwa hiyo ninaposikia "vurugu za vijana mitaani", naweka pamoja anayekwapua na anayemchoma anayekwapua. Ni mafunzo yale yale na mwalimu ni yule yule. Najua wasomaji wengine hapa wataniacha. Wameibiwa, wamepigwa, polisi walipoitwa hawakuja au walikuja wakidai mafuta ya gari. Sina la kuwapinga katika hilo. Umati unaua kwa sababu watu hawaamini kwamba kesi itafika popote. Ila umati hauchagui vizuri: unaua wa ndala mbili zisizofanana, na anayenunua simu anasimama pale akitazama, mara nyingine naye anarusha jiwe.

Steji ya boda iliyo mbele ya meza yangu ilifanya kitu ambacho sikukiona kwenye mradi wowote. Walimkamata kijana aliyenyakua mkoba wa mama mmoja aliyeshuka basi la Arua. Akaburutwa mpaka kwenye steji, mateke yakaanza. Mwenyekiti wa steji, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, hakuhubiri wala hakutaja haki za binadamu. Alisimama juu ya kiti cha pikipiki yake na kusema, "Atakayempiga tena, kesho asipaki hapa." Ikawa kimya cha ghafla. Kupaki kwenye steji hiyo ni mali. Mtu analipia kuingia, na ukitolewa huna pa kusimama jijini pote. Mmoja akajibu kwa hasira, "Kwa hiyo tumwachie?" Mzee akasema, "Nimesema usimpige. Sijasema umwachie." Akaitwa difensi, msimamizi wa ulinzi wa LC, yaani baraza la mtaa, mkoba ukarudi, kijana akapelekwa kituoni kwa boda, katikati ya watu wawili, na hao wawili walilipwa nauli kutoka mfuko wa steji ili wasiseme wamepoteza muda.

Hadithi haina mwisho mtamu. Kijana alitoka na kuiba tena, mtaa wa pili. Waendesha boda kadhaa bado wanamnung'unikia mwenyekiti. Lakini kanuni imebaki, na toka hapo hajafa mtu mbele ya meza yangu. Nilichokiona ni kwamba mtu aliyewazuia vijana wale alikuwa na kitu cha kuwanyima. Wazee wetu wengi wanatoa nasaha kwa vijana ambao hawategemei chochote kutoka kwao. Mwenyekiti wa steji, mwenye kinu, mwenye gereji, mama anayeuza chakula kwa mkopo, mwenye banda la kuonyeshea mpira: hawa ndio serikali ya kijana wa mjini. Wakikubaliana jambo, linakuwa sheria siku hiyo hiyo. Mikutano ya usalama ninayoihudhuria huwaalika viongozi wa dini, mwakilishi wa mbunge na mtu wa shirika mwenye flipchati. Mwenye kinu haitwi.

Na upande wetu, sisi mafundi, tulijaribu pia. Kwenye safu yetu tulipatana kwamba hakuna kufungua simu ambayo mwenyewe hajaifungua kwa neno la siri mbele yako, au aje na boksi. Kila simu inayobaki kwa ajili ya matengenezo inaandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa. Baadhi tulipoteza wateja, nami nikiwemo. Wale vijana hawakuacha kuiba, walihamia safu ya nyuma ambako hakuna daftari. Hilo nililitarajia. Soko likizibwa mlango mmoja linatokea mwingine, na kuna simu zinazovuka mpaka kabisa, zikauzwe mahali ambapo namba yake haijulikani. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mtoto kuuza simu baada ya hatua ishirini na kulazimika kuvuka jiji akiwa nayo mfukoni huku inaita. Kadiri safari inavyorefuka ndivyo bei anayopewa inavyoshuka, na kazi inapungua ladha.

Serikali ina jibu lake la zamani, panda gari. Waliokuwa wakubwa miaka ya mwanzo ya themanini wanakumbuka malori yale: kila mwanaume kijana apande, aulizwe baadaye. Mtindo haukufa. Ikitokea wiki ya uporaji, difenda, pikapu za polisi, zinakuja usiku, zinakusanya kila aliyekaa kibarazani, na mashtaka yaliyokuwa yakiandikwa ni uzururaji. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vya uzururaji vilivyoruhusu kumkamata mtu kwa kutiliwa shaka tu bila kosa, na mawakili wakafurahi, wakiwa na haki ya kufurahi. Mtaani misako haikuisha. Mwizi hasa, mwenye masikio, ameshakimbia gari likiwa bado Katwe. Wanaopatikana ni muuza kahawa, mtoto wa madrasa aliyechelewa, na yule aliyeacha wizi miezi mitatu iliyopita, ambaye sura yake askari anaijua. Huyu wa mwisho akilala mahabusu mara mbili bila kosa, anatoka akisema bora angelala kwa kosa.

Michezo? Naiunga mkono, nami nina mpwa anayecheza ngumi. Katwe, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto chesi mwaka 2004, na kutoka humo akatokea Phiona Mutesi aliyecheza Olimpiadi ya chesi Urusi mwaka 2010. Bwaise kulikuwa na Isaac Ssenyange, Zebra, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya ndondi, ambaye aliwakusanya vijana wa ghetto na kuwapa glavu. Usiku wa kuamkia Desemba 30, 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi, alipigwa risasi na watu wa usalama karibu na nyumbani kwake, akafa. Sioni namna ya kuandika kuhusu klabu za vijana Kampala bila kumtaja. Alikuwa akifanya kile ambacho kila waraka wa sera unakishauri.

Tena klabu inafungwa saa kumi na mbili jioni. Kazi ya usiku inaanza saa mbili. Katikati ya hapo ni njaa, na sahani ya kikomando haitoki bure. Kuna mama hapa anayewapa vijana wa klabu kwa daftari, wanalipa wakipata. Hajawahi kuitwa mdau wa usalama, lakini ningeambiwa nipeleke hela mahali, ningeanzia kwenye daftari lake.

Pia wasichana, ambao makala hizi huwapa mstari mmoja, nami nakaribia kufanya hivyo hivyo. Wao ndio wanaobadilisha njia ya kurudi nyumbani, wanaoacha masomo ya jioni kwa sababu ya uchochoro fulani. Wakiulizwa uchochoro gani, wanautaja kwa uhakika kuliko ramani yoyote ya polisi. Kamera zilizofungwa barabara kuu baada ya wimbi la mauaji ya 2017 na 2018 hazitazami humo. Taa moja ingetazama.

Jambo ninaloliwekea nguvu sasa ni dogo na la kikaratasi: barua ya LC. Kijana akitoka Kampiringisa, kule Mpigi wanakopelekwa watoto waliokutwa na hatia, au akitoka gereza la Luzira akiwa mtu mzima, anarudi mtaa ule ule. Anataka kazi. Steji itamwambia alete kitambulisho cha taifa, mdhamini na barua ya LC1, baraza la ngazi ya kijiji. Kama hana kitambulisho, ili kuandikishwa anahitaji barua ya LC1. Chumba cha kupanga, barua ya LC1. Mwenyekiti wa kijiji ana muhuri mmoja, na muhuri huo una nguvu juu ya maisha ya kijana kuliko waziri. Mwenyekiti wetu hawaandikii waliowahi kufungwa. Ameniambia sababu, na siyo ya kijinga: alimwandikia mmoja, akapewa pikipiki ya mkopo ya zaidi ya shilingi milioni 5, akatoweka nayo, na mwenye pikipiki akaja kulala mlangoni kwa mwenyekiti.

Pendekezo letu, mimi na yule mzee wa steji na mama wa kikomando, ni hivi. Barua iandikwe ikieleza ukweli, kwamba mtu huyu alifungwa na amemaliza kifungo. Isainiwe na wadhamini wawili wenye biashara mtaani, siyo ndugu zake. Miezi sita ya kwanza asipewe pikipiki ya mkopo. Apewe kuosha pikipiki za steji na kulinda za usiku, alipwe kwa wiki mbele ya mwenye daftari. Akiharibu, wadhamini wanapoteza kiasi kilichokubaliwa, siyo milioni tano. Mzee wa steji ameshasema atakuwa mdhamini wa kwanza, na amemtaja kijana: yule yule wa mkoba wa mama wa basi la Arua. Vijana wake wamekasirika. Mwenyekiti wa LC amesema atasikiliza, ila anataka kwanza mafundi wa safu ya nyuma nao waje kikaoni na madaftari. Wao wamesema watakuja kama hakuna polisi. Kikao ni Jumapili baada ya alasiri, kwenye ua wa kinu, na mwenye kinu amealikwa.